Punje Moja, Mti Mmoja

Siku uvumilivu uliponiisha, mwanangu Ireri, nilikuwa nimesimama kwenye shamba letu la kahawa kule Kanja, wewe mgongoni, nikimtazama binti wa jirani akichuma kwenye mstari wangu. Sikumgombeza. Nilimwuliza tu nani amemtuma.

"Ni ya Nthiga sasa, Mama Ireri," akasema, mikono haijaacha kuchuma. "Mistari minne yote. Baba Ireri alimpa Jumapili. Kwani hukuambiwa?"

Sikuambiwa. Mashimo ya miti ile niliyachimba nikiwa na mimba yako, nikabeba samadi kwa kiondo mpaka kamba ikanichubua kipaji cha uso.

Nakuandikia haya kwa sababu nimesikia umeuza shamba la juu na pesa yote ikabaki kwenye kasino Nairobi, kwa muda wa mtu kunywa chai mbili. Nimesikia pia kwamba mezani hapo hamweki noti, mnapewa vidude vya plastiki vya rangi. Navijua hivyo vidude. Sisi tulitumia mahindi.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari ya mkoloni. Tulikuwa tumefungiwa kijijini, handaki limetuzunguka. Filimbi ikilia unaamka, ikilia tena unaenda kuchimba matuta ya lazima, na hata kuteka maji ni kwa saa ya serikali. Nthiga alikuwa mkuu wa homugadi, walinzi wa kijiji waliowekwa na serikali, na bunduki alikuwa nayo. Nyuma ya kambi yake wanaume walicheza karata: kila mtu anavuta moja, mwenye kubwa anachukua. Pesa hawakuwa nayo, kwa hivyo waliweka punje za mahindi. Punje moja, mti mmoja wa kahawa.

Nikajua mistari yangu imeendea huko, nikaenda moja kwa moja. Njeru, baba yako, hakuinua macho.

"Karibu, mwalimu," Nthiga akanicheka, maana alijua nimesoma sekondari ya misheni. "Umekuja kutusomea?"

"Nimekuja kuchukua miti yangu."

"Hapa miti haichukuliwi kwa mdomo. Mstari wa mtoni bado ni wenu. Uweke huo, keti uikomboe mingine, ama uende ukapike."

"Nenda nyumbani, Mama Ireri," baba yako akasema.

Ati yeye ndiye wa kunituma nyumbani! Nikaketi.

Karata ya kwanza nilishinda. Mstari mzima ukarudi, punje zikasukumwa mbele yangu. Ningeinuka hapo, leo ningekuwa nakuambia hadithi ya mama shujaa. Sikuinuka, na sababu yake sijawahi kumwambia mtu: ilikuwa tamu. Mwaka mzima hakuna jambo ambalo halikuwa limeamuliwa na mtu mwingine kabla sijaamka. Karata iliyolala kifudifudi, hata bwana DO, Mzungu wa wilaya, hakuijua. Mkono ukiwa juu yake nilijiona mtu mzima tena. Na punje ni nyepesi, mwanangu. Nikizisukuma sikuona mashimo, sikuona samadi. Niliona mahindi tu.

Ukaanza kulia. Mimi sikukusikia. Baba yako ndiye aliyesema, "Mtoto analia."

Nikamwambia, "Ngoja."

Nilipomaliza, mstari ule niliourudisha ulikuwa umeenda tena, na ule wa mtoni nao. Nilikufungua mgongoni ukiwa umelia mpaka sauti imekatika, leso imelowa, macho yamevimba. Nthiga akakusanya punje, akawarushia kuku wake. Kuku wakala kahawa yetu, mimi nikitazama.

Kumshtaki homugadi wakati ule haikuwa mchezo. Angesema tu umekula kiapo cha waasi wa msituni, na mwanao angelelewa na wengine. Njeru aliniomba ninyamaze. Sikunyamaza. Nilichana karatasi ya daftari, nikaandika barua, nikaipeleka mwenyewe kwa korti ya wazee, pasi ya kutoka kijijini mkononi. Mistari minne ilirudi. Wa mtoni Nthiga alikuwa ameshaung'oa. Mimi na baba yako tulichimba matuta, faini yetu ya kucheza karata, bega kwa bega. Hiyo kahawa ndiyo iliyokusomesha.

Basi nisikilize. Sikukatazi kwa sababu mchezo ule hauna raha. Nakukataza kwa sababu raha yake naijua, na ni kubwa kuliko akili yako na yangu. Mtu akikubadilishia mali yako kwa kitu chepesi, inuka kabla hujakishika. Ukishinda, inuka mbio zaidi. Na usiniambie unaenda kukomboa. Mimi pia nilienda kukomboa. Kama umeumia kwa kuamuliwa maisha na wengine, njoo tuongee, nitakuelewa kuliko unavyodhani.

Mungu akufungue macho uone mti pale unaposhika punje. Na wanao wakikulilia, uwasikie mara ya kwanza.

Nakala ya barua ile ninayo mpaka leo. Isome mwenyewe.

"Kwa Wazee wa Korti. Mimi Wawira, mke wa Njeru, nashtaki watu watatu. Wa kwanza ni Nthiga, mkuu wa homugadi, anayechezesha karata kambini na kuchukua kahawa ya watu. Wa pili ni Njeru, aliyetoa mistari minne bila kuniambia. Wa tatu ni Wawira, aliyejua kusoma, akatoa wa tano huku mtoto akimlilia mgongoni. Naomba waitwe wote watatu siku moja, na huyo wa tatu aulizwe kwanza."