Gitaa Nililoliposa

Habari njema ikija kwangu mbio, huifungia mlango kwanza nikaichungulia dirishani. Ndivyo nilivyo. Mke wangu husema hata mvua ikinyesha nitauliza imetumwa na nani. Basi mwenzangu, mpiga gitaa la ridhimu katika bendi yetu ya harusi, alipokuja nyumbani kwetu mtaa wa Barani asubuhi, hata chai hajanywa, akaniambia lile gitaa jekundu sasa linauzwa na mwenyewe ameniulizia mimi, sikuruka kwa furaha. Nilimpa kiti, nikamtazama usoni, nikajiuliza huyu anataka nini.

Nieleze habari ya gitaa lenyewe, la sivyo nitaonekana nina wazimu. Nilipotoka kwetu Jilore nikiwa kijana, nikaja Malindi kupiga muziki hotelini, vyombo vyote vilikuwa mali ya hoteli. Unapiga, unamaliza, unalirudisha gitaa stoo, linafungiwa kwa kufuli. Ndivyo tulivyozeeka wengi wetu, vidole vina sugu na nyumbani hakuna gitaa la maana. Hili nililo nalo nimeliunga mwenyewe, shingo ya moja na tumbo la jingine, na halijawahi kukaa sawa.

Lile jekundu lilikuwa katika duka la vitambaa pale mjini, limetundikwa nyuma ya kaunta, juu ya majora. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Malindi na babake vilevile, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Gitaa halikuwa la kuuzwa. Alikuwa akilipiga mwenyewe, mlango wa duka ukishafungwa nusu. Tumbo lake lina uwazi ndani, limekatwa matundu mawili marefu huku na huku, na wekundu wake ni ule wa mabuyu yaliyotiwa rangi. Msimu mmoja wa sikukuu gitaa la hoteli liliharibika, mzee akaniazima lake kwa jioni moja. Katika wimbo wetu wa kukaribisha wageni kuna mahali ambapo solo inapanda hadi juu kabisa shingoni, kidole kidogo kinanyooka kuishika noti ya mwisho. Kwenye gitaa la hoteli noti ile ilikuwa ikifa papo hapo. Kwenye lile jekundu ilikaa hewani, ikakaa tena, watu wakaacha kula. Mimi nilitaka kulia, na sisemi hivyo kwa kupamba. Kesho yake nikatangaza kwamba nimeliposa.

Hapo pana desturi yetu. Sisi wapiga magitaa wazee hukutana alasiri kwenye baraza ya fundi wa redio, Barani hapahapa, na kila mmoja ana gitaa lake aliloliposa. Mmoja ameposa besi nyeupe aliyoiona dirishani Mombasa, hata hajui kama bado iko. Mwingine ameposa la nyuzi kumi na mbili alilomwona nalo padri mgeni. Ukishaposa mbele ya wenzako, basi. Hakuna mwingine atakayelitafuta, hakuna atakayeuliza bei, na likitokea mbele yake hagusi hata uzi mmoja, mpaka mwenye posa aje barazani aseme kwa kinywa chake kwamba ametangua. Vijana hutucheka, wanasema tumeposa mbao. Wacheke. Posa yangu nimekaa nayo tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na nilikuwa ninataka kitu kimoja tu kabla sijafa, kuipiga tena noti ile kwenye gitaa lile, liwe langu, nisilirudishe stoo.

Sasa ndiyo maana nilimshuku mwenzangu. Kwanza, kwa nini habari ipitie kwake? Akasema alikwenda dukani kununua kitambaa cha suruali. Huyo mtu ana suruali mbili tangu nimjue na hajawahi kulalamika. Pili, bei aliyoitaja ilikuwa bei ya kutupa, na mfanyabiashara hatupi kitu kizima. Tatu, na hili ndilo lililokuwa likinichoma, kwa muda mrefu nilikuwa nikimwona kwenye harusi. Tukifika kwenye solo yangu, anageukia spika yake, anapandisha sauti kidogo. Anadhani sioni. Mpiga ridhimu anapandisha sauti kwenye solo ya mwenzake kwa sababu gani, kama si kutaka kusikika yeye? Sikumwambia kitu. Nilikuwa nikiliweka moyoni, likikaa huko na kuchacha.

Isitoshe, wakati huo kila kitu kilikuwa kimeanza kuniendea kombo, na mimi nilijua ni watu. Nyuzi za gitaa za siku hizi ni ngumu, wanazitengeneza vibaya makusudi ili zikatike. Mashati wanashona vitundu vya vifungo vidogo, mpaka mke wangu ndiye aliyekuwa akinifunga kola. Mfereji wetu wa uani kuna mtu alikuwa akiukaza kupita kiasi, na nilikuwa na hakika ni mpangaji wa chumba cha nyuma. Mke wangu aliufungua kwa mkono mmoja huku akinitazama. Nikamwambia ni kwa sababu mimi nilishaulegeza.

Tulikwenda dukani siku ya pili, mimi na mwenzangu. Majora yalikuwa yameshushwa rafuni, mengine yamefungwa kwa kamba. Nilimwamkia mzee shikamoo, akaitikia marahaba, akaniulizia mke na watoto na wa Jilore wote, mmoja mmoja, kama ilivyo ada yake. Mimi nilikuwa ninatazama juu ya kaunta. Lilikuwapo palepale. Moyo ulinienda mbio, nikakasirika kwamba umenienda mbio mbele ya muuzaji.

Nikamuuliza anauza kwa nini. Akasema anafunga duka, anahamia Mombasa kwa bintiye, nyumba ya ghorofa, na majirani hawapendi kelele. Nikamuuliza kwa nini bei ni ndogo hivyo. Akasema kitu cha kupigwa kikipata mpigaji, hiyo nayo ni bei. Maneno matamu. Mimi maneno matamu huyasikiliza nikiwa nimeshika mfuko.

Basi nikaomba ufagio. Mgeni wa kazi yetu hataelewa, lakini hapa pwani unyevu wa bahari hupinda shingo za magitaa, na sisi tuna namna yetu ya kupima. Unachomoa ujiti mmoja wa chelewa, ule uti wa kuti la mnazi, kwenye ufagio, unaupitisha chini ya nyuzi kutoka kichwani hadi tumboni. Ukikwama, shingo imepinda. Ukilegea, imepinda upande wa pili. Nikapitisha ujiti, ukateleza mpaka mwisho bila kusita. Nikaugeuza, ukateleza tena. Nikaomba ufagio mwingine.

Mzee aliniletea wa pili. Mwenzangu alikuwa amekaa kwenye jora, anatazama barabarani. Ujiti wa pili nao ukapita. Nikaweka jicho moja kichwani pa gitaa nikaitazama shingo kwa urefu wake, nikanusa ndani ya matundu, nikaligonga tumbo kwa ukucha. Nilikuwa ninatafuta uongo, na nilijua upo.

Mzee akachomeka waya kwenye kispika chake kidogo. Nikakaa, nikaliweka pajani, nikaanza wimbo wa kukaribisha wageni. Mwanzo ulikwenda vizuri. Nikapanda. Nikafika juu kabisa, kidole kidogo kikanyooka, na noti ya mwisho ikatoka kama inzi kwenye chupa, ikafa. Nikarudia. Ikafa. Nikarudia kwa hasira, na mara hii haikutoka kabisa.

Hapo nikawa nimempata mtu wangu. Nikaliweka gitaa kwenye kaunta, nikamwambia mzee, kwa heshima lakini kwa sauti ya kusikika, kwamba hili silo. Nje ni lilelile, ndani limebadilishwa. Kuna mtu amechomoa vyombo vyake vya sauti akatia vya bandia, au wamenunua jingine la rangi moja. Kama yeye hajui, basi ametiwa la bandia mkononi bila kujua. Na nikamtupia jicho mwenzangu niliposema neno mtu.

Mzee hakukasirika. Alikunja kitambaa alichokuwa akikikunja, akamaliza, ndipo akasema, "Halijashuka hapo ukutani ila kwa mkono wangu. Lakini wewe ni fundi. Mpe mwenzako alipige, usikilize ukiwa mbali."

Mwenzangu akakataa. Akasema hawezi, ni posa ya mtu, hajawahi kuligusa na hataligusa. Mimi hapo nikaona mtego wangu umejitega wenyewe. Likimharibikia na yeye, basi limeumbuka. Asipopapasa, vidole vikaenda vyenyewe, nitajua amekuwa akija hapa kulifanyia mazoezi kisirisiri. Nikamwambia nampa ruhusa, mbele ya shahidi, apige ule ule wimbo.

Akapapasa. Alilishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa watu. Alianza polepole, na ridhimu yake ile ninayoijua, nikasema moyoni, huyu hata mahali pa kupandia hapajui. Halafu akapanda. Akapanda kwa njia yangu, na vijikona vyangu vyote, hata kale kamkato ninakokafanya kabla ya noti ya mwisho ambako sijamfundisha mtu. Akanyoosha kidole kidogo akaigusa.

Ikakaa. Ilijaa duka zima, kwenye majora na kwenye kamba na kifuani kwangu. Ilikuwa ileile. Niliijua kama ninavyojua sauti ya mama yangu, na nilitamani isingekuwa ileile, kwa sababu nilishaelewa.

Nikatazama mkono wangu wa kushoto. Kidole kidogo kilikuwa kimejikunja nusu juu ya goti langu, na sikuwa nimekiambia kijikunje. Nikajaribu kukinyoosha. Kilikuja kidogo, kikasita. Mfereji, vifungo, nyuzi za siku hizi, vyote vikapita mbele yangu vikiwa vizima, havina kosa lolote.

Lakini mshuku haachi kazi siku moja. Bado nilikuwa na swali, na nikamuuliza mwenzangu kwa ukali, "Tangu lini unaijua solo yangu?"

Hakunitazama. Alikuwa anapangusa nyuzi kwa pindo la shati lake, kuondoa jasho, kama tulivyofundishwa hotelini.

"Tangu ilipoanza kukuponyoka," akasema. "Pale kwenye harusi. Nilikuwa nikiipiga mimi pamoja nawe, chinichini, ili isipungue."

Zile harusi zote nilirudi nyumbani nikimwambia mke wangu kwamba solo imetoka. Ilitoka kweli. Niliona aibu, halafu nikaona wivu mkali, halafu nikampenda yule mtu, yote kwa mpigo. Mzee akaingia ndani kutafuta mfuko wa gitaa, na alikaa huko muda mrefu kuliko mfuko unavyohitaji.

Aliporudi nililipa kwa akiba niliyokuwa nimeiweka kwa ajili hiyo tu. Nikamwambia amfungie huyu. Mwenzangu akarudisha mikono nyuma, akasema posa ni posa, mimi nilichukue, nilitundike ukutani kwangu, atakuja kunipigia nikitaka. Nikamwambia sitaki gitaa la kutazama, la kutazama nimeshakuwa nalo. Twende barazani.

Wenzetu walikuwapo wote. Walipoona mfuko wakasogea, wakaanza pongezi, mmoja akataka nitoe soda kama bwana harusi. Nikawaomba watulie. Nilisimama, jambo ambalo hatufanyi pale, nikasema, "Lile gitaa jekundu nimetangua posa. Ni la huyu."

Kicheko kikakatika. Wakatazamana. Yule wa besi nyeupe akakodoa macho kwenye mfuko kama uliokuwa na nyoka ndani, akauliza lina kasoro gani. Mwingine akauliza kama shingo imepinda. Fundi wa redio akasema yeye alijua tangu zamani kwamba kuna ujanja katika lile gitaa, mtu haachi posa ya umri wake bure bure. Walikuwa wananiangalia mimi na yeye, yeye na mimi, wanatafuta. Niliwaelewa vizuri sana, maana ningekuwa mimi ningeshaomba ufagio.

"Halina," nikawaambia. "Limepimwa."

Jumamosi iliyofuata tulikuwa na harusi Dabaso. Mke wangu alinifunga kola, nami sikumlaumu fundi cherehani. Nilichukua ridhimu, kwenye gitaa langu la kuungaunga, kwa sababu ridhimu haihitaji kidole kidogo. Wimbo ulipofika pale unapoanza kupanda niliona mkono wangu umekwenda wenyewe kwenye spika, nikapandisha sauti kidogo, nikavikazia macho vidole vyake, nikingojea mahali atakapokosa. Hakukosa.