Pelagia Auzungusha Mwanzi

Pelagia alizaliwa Kapalamsenga, mwambao wa Ziwa Tanganyika, na hadi anaolewa mikono yake ilikuwa imeziba matundu ya nyavu asiyoweza kuyahesabu. Apolinari alimleta Mwamkulu, kwenye majaruba ya mpunga, naye akalizoea tope kama alivyoyazoea maji. Alikuwa mtu wa shukrani. Mvua ikinyesha, asante. Mvua ikikatika watu wakaanika, asante. Majirani walimtania kwamba hata akijikwaa atalishukuru jiwe kwa kutokuwa kubwa zaidi.

Mwaka 1976, mara baada ya Pasaka, Apolinari alipandishwa treni akiwa amejikunja kwa maumivu ya tumbo. Huko Tabora walimtazama, wakampeleka mbele, Dar es Salaam, akapasuliwe. Wiki ya saba ikaja barua. Muuguzi ndiye aliyeandika kwa niaba yake, na nusu ya wino ilikuwa imelowa njiani. Kilichosomeka ni kwamba mgonjwa atasalimia nyumbani redioni, katika salamu za wagonjwa, Jumapili ya tarehe 13 Juni, saa nne na nusu asubuhi. Kama alikwisha kupasuliwa au bado, hapo ndipo maji yalipoingia.

Pelagia aliikunja barua, akaitia kifuani. “Asante,” alisema, kisha akaitoa tena, akaiinua juani kuona kama wino utasomeka.

Redio ilikuwa Majengo, mjini Mpanda, kwa shemeji yake Kalisti, mdogo wake Apolinari, fundi wa baiskeli. Kalisti alikuwa amesimamisha nguzo ndefu nyuma ya banda lake. Juu ya nguzo alifunga kitovu cha gurudumu la baiskeli chenye gololi zake, na juu ya kitovu akalaza mianzi miwili iliyounganishwa, imetandikwa waya wa shaba mwanzo hadi mwisho. Waya mwingine ulishuka katikati, ukapita dirishani hadi kwenye redio. Kamba mbili zilining'inia hadi chini. Ukivuta hii mwanzi unageuka kushoto, ukivuta ile unageuka kulia.

Jumamosi walijaribu. Kalisti aliuelekeza mwanzi mashariki, Dar es Salaam iliko, kama mtu anyooshaye kidole. Redio ilikoroma. Ndani ya mkoromo mlikuwa na mtu anaongea, lakini ni kama aliyefunikwa chungu. Kalisti akausogeza shubiri moja huku, shubiri moja kule. Mkoromo uleule.

“Kesho hewa itakuwa safi,” alisema.

“Na isipokuwa safi?”

“Shemeji, mimi ndiye fundi.”

Jumapili Pelagia alitoka misa ya kwanza akaja moja kwa moja, hajaonja hata uji. Kalisti alikuwa ameanika betri juani tangu alfajiri zipate nguvu. Saa nne na nusu muziki wa kipindi ukasikika kwa mbali, kisha mtangazaji, kisha mgonjwa wa kwanza. Hakuna aliyeelewa neno. Kalisti aliinama dirishani, sikio karibu ligusane na redio, huku akipiga kelele: “Kulia kidogo! Basi! Rudisha!” Pelagia alikuwa chini ya nguzo, kamba mkononi, macho juu.

Aliutazama ule waya, mrefu, mwembamba, umelala kuelekea mashariki.

“Shemeji,” aliita, “sauti inatoka kule?”

“Inatoka kule! Shika kamba!”

“Na huu waya ndio unaoinasa?”

“Ndio, mama Goreth, ndio!”

“Sasa mbona umeulaza njiani pamoja nayo? Wavu hautegwi hivyo. Samaki anakuja hivi, wewe unautandaza hivi, umkatize njia. Ukiulaza kama ulivyoulaza, atapita pembeni aende zake.”

“Huku siyo ziwani! Unataka niuelekeze Sumbawanga? Sumbawanga kuna nini?”

“Kuna Wafipa,” alisema Pelagia, akavuta kamba.

“Mama Goreth! Acha! Utamkosa!”

Hakuacha. Aliivuta mkono juu ya mkono, kama mtu anayetoa wavu majini, na mwanzi ukazunguka juu ya gololi ukilia, ukaiacha mashariki, ukakaa ncha moja kaskazini, nyingine kusini. Dirishani mkoromo ulipungua, ukawa kama upepo wa nyumba ya jirani, na sauti ya mwanamke wa Songea ikatoka wazi kabisa akimsalimu mwanawe.

Kalisti alinyoosha mgongo. Akatoka nje na msumari, akaifunga kamba palepale ilipo.

Wa nne ndiye aliyekuwa wao.

“Mimi ni Apolinari, wa Mwamkulu, Mpanda. Namsalimu mke wangu, mama Goreth, na mdogo wangu Kalisti. Nilipasuliwa mwezi uliopita. Nyuzi wameshatoa. Sasa natembea mwenyewe mpaka dirishani. Je, mpunga mmevuna?”

“Tumevuna, baba Goreth!” Pelagia alijibu kwa sauti, ameikumbatia fremu ya dirisha. “Tumevuna wote!”

“Basi msiuze wote. Nikirudi nataka wali. Hapa ni uji, uji, uji.”

“Siuzi! Siuzi hata kibaba!”

Kalisti hakumcheka. Alijifuta pua kwa mkono wenye grisi, akabaki na sharubu nyeusi. Apolinari aliaga, akamshukuru daktari na wauguzi, na nafasi yake ikachukuliwa na kijana wa Newala mwenye kikohozi.

Kalisti alinyoosha mkono kuzima. “Tutunze betri.”

“Acha,” alisema Pelagia. Aliketi hatimaye, juu ya tairi kuukuu. “Labda nyumbani kwao leo redio inakoroma. Mama yake hamsikii. Tumpokelee sisi.”

Kalisti akaurudisha mkono. Kijana wa Newala alimsalimu mama, na shangazi, na mbuzi wake mweupe, na Pelagia akamwitikia kila salamu, mpaka kipindi kikaisha.