Vipele vya Enos na Maji ya Betri

Enos alikuwa mpagazi wa bandari ya Kisumu, miaka ile ya sitini Uhuru ukiwa bado unanukia rangi mpya. Kifua kama mlango wa kanisa, akili kama ya kuku wa mayai. Alitaka kitu kimoja tu duniani: kumwoa Dorca, binti ya Mzee Amolo wa Katito. Na ndoa hiyo ilining'inia mdomoni mwa rafiki yake Zadock, kwa sababu Zadock ndiye aliyekuwa jagam, yule mshenga wa Kijaluo anayesimama mbele ya wazee na kuapa kwamba bwana harusi hana kasoro aliyoificha.

Jioni moja, kazi ikiisha, wapagazi walishuka ziwani kuoga, uchi kama walivyozaliwa. Zadock peke yake aliingia majini na kaptura, kama kawaida yake. Enos akavuta govi nyuma ajisugue na sabuni. Zadock akachungulia.

"Omera, ndugu! Hiyo ni nini? Umevaa shanga?"

Wote wakasogea kuona. Kichwa cha uume wake kilizungukwa na vipele vidogo vyeupe-vyeupe, laini, vimejipanga mstari kama punje za mtama.

"Viko tangu nianze kuota ndevu," Enos akasema, akijifunika kwa viganja. "Haviwashi, haviumi. Na mimi sijamjua mwanamke, haki ya Mungu."

"Basi yeye alikujua wewe ukiwa umelala!" Kicheko kikavuka maji. "Hiyo ni kaswende, bwana. Mimi ni jagam, siwezi kuficha. Vitoe kabla ya Jumapili, ama Mzee Amolo atasikia."

"Nivitoe na nini?"

"Maji ya betri. Yanakula chuma, yatashindwa na vipele?"

Wenzake walicheka tena. Enos hakucheka; alikwenda kutafuta chupa. Hata punda ukimchoma anapiga teke, lakini huyu alijichoma mwenyewe, meno yameuma shati, akidhani anajipaka ndoa. Asubuhi walimfikisha hospitali juu ya mkokoteni wa samaki, akilia kama mtoto.

Daktari Walubengo alitazama, akasonya.

"Nani alikudanganya? Vile havikuwa ugonjwa. Ni ngozi tu, humwotea mwanamume akibalehe. Havitokani na uchafu wala na wanawake, haviambukizi, havitaki dawa. Wanaume wengi wanavyo, wamenyamaza tu. Ugonjwa ni huu uliojipaka."

Basi ni mzima! Jumapili akavaa suruali juu ya bendeji, akafunga safari ya Katito kwenda kulisema hilo. Lakini Zadock alikuwa ametangulia, ameketi na Mzee Amolo mbele ya nyumba, uji mkononi. Wakamwona Enos anakuja, mguu mmoja huku, mwingine kule, kama bata aliyeshiba.

"Mzee, mimi ni mzima, daktari ame…"

"Mdomo wako unasema mzima," Mzee Amolo akamkata. "Mapaja yako yanasema nini? Rudi kwenu, kijana. Ng'ombe zako za mahari zitakufuata."

Nyuma ya mlango Dorca alicheka. Kicheko kidogo tu, cha mkono mdomoni. Maji ya betri yalikuwa afadhali.

Mzee Amolo akampenda sana Zadock kwa ukweli wake, hata kabla ya mavuno akampa Dorca. Siku chache kabla ya harusi, Zadock alimvuta Enos nyuma ya magunia bandarini. Enos alikuwa amepona, anatembea kama watu.

"Ndugu yangu," Zadock akanong'ona, mkono umeshika mkanda wa kaptura, jasho linamtoka. "Vile vipele. Daktari alisemaje? Maana hata mimi… na Dorca akiviona…"

Enos aliitazama kaptura ile iliyooga ziwani miaka yote. Akasikia tena kicheko cha nyuma ya mlango.

"Alisema wewe ni daktari kumshinda yeye," akajibu taratibu. "Ngoja nikuletee chupa. Ilibaki nusu."