Mwaka wa Shangazi Chini ya Landrova

Mimi nasoma vibati. Mtu akija dukani kwetu Ngamiani na gari kuukuu akitafuta spea, kabla sijamwuliza shida yake nimeshafungua boneti kutafuta kile kibati kidogo kilichopigiliwa kiwandani. Namba iliyogongwa pale ndiyo inayoniambia gari limetengenezwa mwaka gani, na mara nyingi mwenyewe hajui. Wapo walioniapia kwamba gari lao ni la enzi za mkoloni, nikawaonyesha kuwa ribiti, zile pini zinazokishikilia kibati, ni za juzi, maana yake kibati kimebanduliwa kwenye gari jingine. Wakanuna. Mimi hufurahi sana siku hiyo, sitaki kudanganya.

Shangazi yangu wa Kigombe hakuwahi kuipenda kazi hii. "Mtoto wa kike na oili mpaka masikioni," hunisema kila nikienda kumsalimia. Ndiyo maana nilishangaa mwaka jana aliponipigia simu asubuhi na mapema akaniambia niende na vifaa vyangu vyote.

"Njoo unisomee umri wangu," alisema, akakata simu.

Shangazi hana cheti cha kuzaliwa. Anachojua ni kwamba alizaliwa ndani ya landrova. Babu, yaani baba yake, alikuwa dereva wa shamba la mkonge, na siku aliyoitoa landrova mpya bandarini Tanga na kuifikisha shambani, bibi akashikwa na uchungu. Babu akageuza gari kurudi mjini hospitali. Shangazi hakusubiri hospitali. Alitoka njiani, viti vikiwa bado na karatasi za kiwandani, na bibi alikuwa akisema kuwa mtoto na gari walikuwa na harufu moja ya rangi mbichi. Shamba lilipofungwa, babu aliachiwa gari lile. Mpaka leo liko uani kwa shangazi chini ya banda la makuti, halitembei, na kuku wanatagia kiti cha dereva.

Sasa yupo jirani. Ua kwa ua na shangazi anakaa shoga yake, mtoto wa wakata mkonge waliotoka bara, Mlutheri, naye ana cheti chake cha ubatizo kilichoandikwa mwaka wa kuzaliwa unaoishia na saba. Wawili hawa wamekula pamoja Idd na Krismasi tangu wakiwa wasichana. Wameuguzana, wamezikiana. Jambo moja tu limewashinda: nani amwamkie mwenzake shikamoo. Kila mmoja anadai yeye ndiye mkubwa. Kwa hiyo kila asubuhi wanawahiana mlangoni, wa kwanza kutoka anapiga ukelele, "Hujambo?", kama mkubwa anavyomuuliza mdogo, na mwenzake badala ya kujibu anarudisha, "Hujambo wewe?" Wanaweza kwenda hivyo mpaka chai iive. Mimi tangu utotoni nimezoea kusimama katikati yao na kutoa shikamoo moja, macho nikiyaelekeza kwenye ukuta.

Kilicholeta simu ile ni harusi. Jirani alitengewa pilau kwanza, eti ndiye mkubwa, na shangazi akagoma kula. Walirudi nyumbani hawasemezani. Hapo ndipo shangazi alipokumbuka kibati.

Nilipofika niliwakuta wote wawili uani, jirani kwenye mkeka na cheti chake ndani ya mfuko wa nailoni, shangazi amesimama kando ya gari amejifunga kanga kiunoni tayari kwa ushindi. Nikafungua mlango, nikawafukuza kuku, nikainama chini ya dashibodi, maana landrova hubeba kibati chake ndani. Kibati kilikuwapo. Ribiti zake zilikuwa zilezile za kiwandani, hazijaguswa. Kilikuwa kinang'aa mpaka niliuona uso wangu, na hakikuwa na namba hata moja.

"Shangazi, kibati hiki umekifanya nini?"

"Nakisugua kila Ijumaa," alisema kwa fahari. "Majivu na ndimu, kwa kumbi la nazi. Kama sinia zangu za shaba. Baba alikipenda."

Nikapandwa na hasira, maana nina hasira za karibu. Nikamwambia kwamba ameufuta mwaka wake kwa mikono yake mwenyewe. Aliketi kwenye bampa, akaanza kukunjakunja pindo la kanga, na nilijuta papo hapo. Mwanamke yule alikuwa amesugua kumbukumbu ya baba yake kila wiki kwa mapenzi, nami nilimkaripia kama mwizi.

Nikavua viatu, nikaingia uvunguni. Namba hugongwa pia kwenye chesisi yenyewe, mifupa ya gari, karibu na springi ya mbele. Sikuwa na tamaa kubwa, kwa sababu chumvi ya pwani hula chuma bila huruma. Lakini babu alikuwa mtoto wa watu wa vyombo vya baharini, na gari alilitunza kama chombo: kila mwaka aliipaka chesisi mafuta ya papa. Yalikuwa yameganda tabaka juu ya tabaka, magumu kama gome la mti. Nikayakwangua kwa mafuta ya taa na brashi ya waya. Ikatoka harufu ambayo sitaisahau, na paka watatu wa mtaa wakaja kunitazama. Chini ya uchafu ule chuma kilikuwa kizima kabisa. Nilicheka peke yangu mule ndani kwa furaha.

Kwenye landrova za miaka ile, tarakimu ya nne ndiyo inayotaja mwaka. Kwanza niliona sita. Sita ingemaanisha shangazi ameshinda, na nilikaribia kupiga vigelegele. Nikasugua chaki juu yake, nikamulika tochi ya simu kutoka ubavuni. Duara la juu la tarakimu nalo lilikuwa limejifunga. Ilikuwa nane.

Hakuna mtu Kigombe ambaye angeingia uvunguni kunihakiki. Ningesema sita, shangazi angecheza ngoma mpaka jioni, na mimi nampenda kuliko ninavyompenda mtu yeyote aliye hai. Lakini nimewaumbua wenye magari wangapi kwa vibati vya uongo? Nikatoka.

"Ni nane," nilisema. "Na gari haliwezi kufika bandarini kabla halijatengenezwa. Samahani, shangazi."

Jirani hakushangilia. Alikiweka cheti chake mkekani, akakifunika kwa kiganja, kana kwamba anaona haya. Shangazi alisimama. Aliitazama landrova, akanitazama mimi, akasema taratibu mwaka wake wa kuzaliwa, ukiishia na nane, kisha akaurudia kwa sauti kubwa zaidi kama anayejaribu nguo mpya. Halafu akatembea mpaka mkekani, akapiga goti moja, akaushika mkono wa shoga yake.

"Shikamoo, dada."

Jirani alikuwa ameisubiri salamu ile miaka yote. Akaufunika mkono wa mwenzake kwa kiganja: "Marahaba, mdogo wangu."

"Tangu mama afe," shangazi alisema, machozi yakimtiririka huku anacheka, "sina wa kumpa shikamoo mtaa huu. Nilidhani nimebaki mkubwa peke yangu."

Jirani alijifuta uso kwa ncha ya kitenge, akakaa wima, akamtazama kwa ukali wa dada kabisa.

"Basi usinililie hapa. Kaniletee maji ya kunywa."

Na shangazi, ambaye sijawahi kumwona akitumwa na mtu, aliinuka mbio akaenda.