Shikamoo Isiyoitikiwa

Naikumbuka siku moja, mwanangu, ambayo aibu yake ninayo hadi leo. Nakusimulia kwa sababu nimesikia umelitupa daftari ulilopewa na mshauri wa hospitali, eti kuandika mawazo ni mchezo wa watoto, na kesho unaacha kazi kwa kuwa wenzako wote wanakudharau.

Nilikuwa mke mchanga hapa Bongwe, kazi yangu kutandika mikeka ya yoga katika hoteli moja ya Diani. Asubuhi hiyo nilimpita mavyaa wangu, mama yake mume wangu, ameketi barazani. Nikamwamkia shikamoo. Kimya. Nikarudia, kimya. Basi nikajua ananichukia, maana mwaka wa pili ulikuwa unakwisha na sijazaa. Nikafunga nguo zangu kwa leso: nikitoka kazini, moja kwa moja kwetu Ramisi, talaka inifuate huko. Ujana una mbio, wewe wajua.

Mwalimu wa yoga, mama wa Kihindi mzaliwa wa Mombasa, aliliona furushi. Akanikalisha, akaniambia nivute pumzi taratibu. Nilipomwambia naiacha ndoa, akauliza, "Umeona nini kwa macho yako?"

"Mavyaa ananichukia."

"Hilo ni wazo. Umeona nini?"

"Nimemwamkia, hakuitikia."

"Hilo ndilo ulilo nalo. Mengine umeyaongeza mwenyewe. Wewe si mawazo yako, binti, wewe ndiye unayeyatazama. Huenda ni kweli, huenda si kweli. Nenda ukamuulize."

Nilirudi nyumbani, nikamsogelea mavyaa, nikamuuliza. Mama wa watu akainamisha kichwa.

"Sikio la upande huu limekufa, mwanangu, naona haya kusema. Nami nilidhani umenichoka, kila siku wanipita tu."

Tulilia sote wawili. Furushi nililifungua mwenyewe.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na kilichonila mimi kilikuwa wazo langu mwenyewe. Mimi sikusoma vitabu vya mshauri wako, lakini anachokufundisha nakijua. Yule mama alinifundisha mkekani. Liokote daftari. Andika kilichotokea, kando yake andika ulichodhani, kisha mwendee mwenzako mmoja umuulize kwa upole. Kuuliza si ujinga. Ikiwa kweli wanakudharau, njoo tushauriane, hutakuwa peke yako. Ila usiiache kazi kwa jambo ambalo hujaliuliza.

Mwenyezi Mungu akutulize moyo, mwanangu, akuonyeshe wanaokupenda hata wanapokaa kimya. Amina.