Kiuno cha Buwenge

Nakiri: mimi ni mcheza ngoma. Kwa miaka mingi nilikana. Shangazi zangu wa Mbale waliponiuliza kazi yangu, nilijibu, "Natafiti ngoma," kwa sauti ya daktari anayetafiti malaria, na heshima ya ukoo ikabaki salama.

Kumbe huku Jinja nilikuwa natunga ngoma za jukwaani. Mwaka huu nilitaka kutunga moja kutokana na doluka, ngoma ya wanawake wa kwetu Wanubi. Wanafunzi wangu waliijifunza kutokana na maelezo yangu, wakaicheza kama askari magereza kwenye gwaride. Bila shangazi zangu kuja kuiongoza, sikuwa na ngoma.

Basi nikawafuata Mbale, kwenye harusi ya binamu yangu mtaani Nkoma. Nilishuka kwenye boda boda, nikajibanza ukutani na kamera yangu. Shangazi mkubwa akanijia, jasho linamtiririka.

"Unafanya nini hapo?"

"Natafiti, shangazi."

"Hapa mwanamke akiingia anacheza. Anayetaka kukaa, kule jikoni kuna vitunguu."

Upishi wangu nao unajulikana. Nikaweka kamera chini, nikaingia kwenye duara. Doluka ya kwetu inataka hatua ndogo za kuburuta, mgongo umenyooka, kiuno kimetulia. Miguu ilikumbuka. Lakini kiuno, kilichokaa miaka na wacheza ngoma wa Kisoga kule Buwenge, wanaotikisa kiuno bila kupumzika, kiliposikia tu mdundo kikaanza kazi yake chenyewe. Wapigaji walicheka hadi mapigo yakawapotea.

"Wee! Hicho kiuno umekitoa wapi?"

"Buwenge, shangazi."

"Kirudishe!"

Nilicheza mpaka mwisho hivyo hivyo. Nilipowaomba waje Jinja, shangazi alijifuta uso akasema watazungumza. Jibu hilo nalijua. Mimi pia huwapa wanafunzi nisiotaka kuwavunja moyo. Nikarudi nyumbani nikiwaza ngoma nyingine ya kutunga.

Alhamisi simu ikalia, nafua.

"Mwalimu, tunakuja. Tafuta pa kutulaza, na chai iwe na tangawizi."

"Shangazi, kiuno nitakituliza, naahidi."

"Nani kakutuma ukitulize? Tangu harusi wasichana wanakijaribu hapa uani, hakuna anayekiweza. Tumekitia kwenye wimbo wa pili. Wewe utatangulia." Nikamsikia akiwanyamazisha waliokuwa wakicheka nyuma yake. "Na mtu akikuuliza unafanya kazi gani, usinitie aibu tena na huo utafiti."