Mlango wa Nyuma wa Kaka Melecio

Kaka yangu Melecio alikuwa mwoka mikate hapa Laguna, karibu na Manila, na kila mkesha wa Krismasi ndiye aliyemfukuza Bikira Maria.

Kwetu, wanaoigiza Yosefu na Maria hupita nyumba kwa nyumba wakiimba kuomba malazi, na wenye nyumba huwakatalia, nao kwa kuimba. Kaka alijaliwa sauti nzito. Akishawafungia mlango wa mbele, aliwaita kwa mlango wa nyuma, akawapa jikoni keki ya mchele na chai ya tangawizi.

"Kukataa ni kwa ajili ya Injili," alisema. "Kulisha ni kwa ajili ya roho yangu."

Agosti parokia ilitengeneza filamu ya safari hiyo. Kaka akaimba, akabamiza mlango. Mwongozaji, kijana kutoka Manila, akapiga makofi.

"Haya, sasa njoo na kamera jikoni," Kaka akamwambia.

"Mzee Melecio, jiko lako halimo kwenye Injili."

"Na hiyo kamera yako imo?"

Watu wakaangua kicheko, lakini jikoni hakukupigwa picha. Tulipobaki wawili akaniambia, "Lusing, watanikumbuka kwa mlango ule tu."

Oktoba moyo wake ulisimama mbele ya tanuri. Bwana ampe raha ya milele.

Desemba filamu ikaonyeshwa uani mwa kanisa. Uso wa Kaka ulijaa kitambaa kizima cha kuonyeshea, akimfungia mlango msichana mjamzito. Nyuma yangu mama mmoja mgeni akafyonya.

"Jitu lina roho ya jiwe!"

Nilishika rozari yangu hadi mwisho. Kisha nikamgeukia.

"Mama, karibu kwetu ule kidogo."

Nilimpitisha mlango ule ule wa nyuma, hadi jikoni kwa Kaka. Keki zangu ziliungua pembeni, lakini alikula mbili.

"Nani kaoka?"

"Mimi. Yule uliyemwita jitu ndiye aliyenifundisha. Ni kaka yangu, tumemzika Oktoba. Kila aliyemkatalia pale mbele alimlisha hapa."

Akaacha kutafuna. Akapiga ishara ya msalaba.

"Mungu amrehemu," akasema. "Lakini dada, si angemfungulia tu?"

Nikammiminia chai.

Jumapili filamu inakwenda parokia ya jirani. Nimeloweka mchele wa keki, ingawa najua siwezi kumlisha kila atakayeitazama.